Sakafu za nje zinabanduka: tusiilaumu bahari peke yake

Pita leo katika mtaa wowote wetu, uwe wa Kisauni, Likoni, Mtwapa au Malindi, na badala ya kutazama maghorofa, tazama chini. Pale langoni panapopita gari utakuta sakafu iliyopigwa juzijuzi tu imeshaota nyufa. Ngozi ya juu imemenyeka kama samaki aliyeparwa magamba, kokoto zinachungulia, na kila mtoto anayepita anaingia ndani na vumbi la kijivu miguuni. Ukimuuliza mwenye nyumba atakwambia, "Ni chumvi ya bahari hiyo, hakuna la kufanya." Ukimuuliza mwashi atasema, "Simiti za siku hizi hazina nguvu."

Majibu hayo mawili yana ukweli kidogo na visingizio vingi. Mimi nilisoma diploma ya ujenzi, na kabla ya kushika kalamu nilishika mwiko na tepu kwa miaka kadhaa. Leo nataka tuelezane, kwa lugha ya nyumbani, kwa nini sakafu zetu za nje zinaharibika mapema, ni ubovu upi wa kuvumilia, na ni upi unaoweza kumuua mtu. Naam, kumuua. Nitafika hapo.

Simiti haikauki, inaiva

Kosa kubwa tulilo nalo ni kudhani kwamba zege hukauka kama nguo kwenye kamba. Sivyo. Simiti hushikana kwa kuungana na maji, na kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Kwa simiti ya kawaida, zege hufikia karibu thuluthi mbili ya nguvu yake baada ya siku 7, na nguvu inayotumiwa na wahandisi katika hesabu zao hupimwa siku ya 28. Mfano wake ni wali. Ukiufunua mapema mvuke ukatoka wote, juu utaonekana umeiva na ndani una kiini. Sakafu iliyoachwa kwenye jua la Januari, kaskazi ikivuma, hupoteza maji yake ya juu ndani ya saa chache. Chini huendelea kuiva, juu hubaki mbichi. Na sisi tunakanyaga juu, hatukanyagi chini.

Ndiyo maana ubovu mwingi huanzia kwenye ngozi, ile sentimita moja ya juu. Tuuchambue mmoja mmoja.

Ubovu na sababu zake

Wa kwanza ni vumbi. Unafagia leo, kesho vumbi lipo, na ukikwaruza kwa msumari unachimba mfereji. Hapo zege lilitiwa maji mengi, au lililainishwa wakati maji yakiwa bado yanaelea juu. Zege likishamwagwa, mawe na mchanga hushuka na maji hupanda. Mwashi mwenye haraka hupitisha mwiko papo hapo na kuyarudisha maji ndani ya ngozi. Kinachobaki juu ni uji wa simiti usio na nguvu. Dawa ni subira: subiri maji yapotee na mng'ao wake uishe, ndipo ulainishe.

Wa pili ni nyufa nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui. Hizi hupenda kutokea pale mwashi aliponyunyiza simiti kavu juu ya sakafu mbichi ili akaushe maji haraka na kupata niru ya kung'aa. Ngozi hiyo yenye simiti nyingi hunywea zaidi kuliko zege lililo chini yake, ikapasuka. Kwa bahati nzuri nyufa hizi huwa hazizami. Zinaudhi macho, lakini mara nyingi haziuvunji uwanja.

Wa tatu ni kubanduka. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize: penye uzima panalia kwa sauti kali, palipoachana panalia kama dafu tupu. Hapa ngozi ilifungwa mapema, maji na hewa vikanaswa chini yake, au safu nyembamba ilipakwa juu ya sakafu ya zamani iliyokuwa na vumbi. Gari likipita mara kadhaa, ngozi hiyo hutoka vipande vipande.

Wa nne ni nyufa ndefu zinazokata uwanja kutoka upande huu hadi ule. Zege hunywea likiiva, hilo halina mjadala. Ukilimwaga pande la mita 10 bila kuligawa, litajigawa lenyewe, tena kwa mistari lipendayo. Kanuni ya kazi ni kuacha mkato kila baada ya umbali wa mara 24 hadi 30 ya unene. Kwa sakafu ya sentimita 10, hiyo ni kila mita 2.4 hadi 3, na mkato uzame robo ya unene, yaani sentimita 2 na nusu. Pia acha nafasi pale sakafu inapokutana na ukuta wa nyumba.

Wa tano, nao ndio mbaya kuliko yote, ni doa la kahawia linalofuatwa na uvimbe na kupasuka kwa mstari ulionyooka. Huo ni ugonjwa wa chuma kilichomo ndani, na hapo ndipo bahari inapoingia kwenye maneno yetu.

Chumvi inaingiaje?

Chumvi peke yake hailifanyi kitu kikubwa zege lililoshindiliwa vizuri lisilo na chuma. Adui yake hasa ni nondo. Ndani ya zege zima, chuma hulindwa na ukali wa simiti, unaokifunika kwa utando mwembamba usioshika kutu. Chumvi ikifika kwenye chuma huutoboa utando huo. Kutu huanza, na kutu ina tabia moja: hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, mara mbili na zaidi. Inasukuma kutoka ndani, zege linapasuka, maji na chumvi zaidi vinaingia, na kutu inazidi kasi. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta ni kama ilitungwa kwa ajili ya nondo.

Lakini tujiulize, chumvi hiyo imetoka wapi? Ni kweli upepo huileta, hasa kwa nyumba zilizo karibu na ufuo. Ila upepo huleta kidogokidogo kwa miaka. Sisi wenyewe huileta kwa ndoo. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Mfuko wa simiti wa kilo 50 ukichanganywa kwa lita 25 za maji hayo, umetia karibu gramu 875 za chumvi ndani ya sakafu yako siku ya kwanza. Hiyo ni karibu kilo nzima kwa kila mfuko! Maji ya visima vyetu vingi si makali kiasi hicho, lakini mengi yana chumvi, na kila mmoja wetu anajua kisima chake kina ladha gani. Mchanga wa ufuoni nao huja na chumvi yake hata ukionekana mkavu na mweupe.

Kanuni ya zamani ya kazi hii inatosha: maji usiyoweza kuyanywa kwa ajili ya chumvi au uchafu, usiyatie kwenye zege lenye chuma. Na mchanga uwe wa mto au wa machimbo ya bara, usio na udongo mwingi. Ukitaka kuupima, tia mchanga kwenye chupa ya kioo hadi nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, uache saa tatu. Udongo utakaa juu ya mchanga kama safu ya matope laini. Safu hiyo ikizidi sehemu moja kwa kumi ya kimo cha mchanga, mrudishe mwenye lori.

Wapo watakaouliza: mbona wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe yaliyotoka baharini, na nyumba za Lamu na Mji wa Kale zimesimama? Fort Jesus yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1593 na ipo. Jibu ni kwamba kuta zile zilishikanishwa kwa chokaa, nazo hazikutegemea nondo ndani yake. Chumvi huzila polepole kwa juu, plasta inabanduka, watu wanapiga chokaa upya. Sisi tumetia chuma ndani ya jiwe, kisha tukaendelea kutumia maji yaleyale na mchanga uleule. Jengo limebadilika, mazoea hayajabadilika.

Jambo jingine ni hizi video tunazotumiana. Ndugu zetu walioko Canada na Marekani hutuletea mafunzo ya kutengeneza sakafu za magari zilizomenyeka. Kule sababu kubwa ni barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, yakaipasua ngozi ya zege, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huzidisha madhara. Kwa hiyo wenzetu hutia dawa ya kuweka vipovu vidogo vya hewa ndani ya zege ili barafu ipate pa kutanukia. Huku kwetu hakuna barafu ila ya kwenye friji. Usinunue dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Kesi niliyoitwa kuitazama

Mwaka uliopita niliitwa na wazee wa mtaa mmoja kutazama uwanja wa mama mmoja mjane. Mwanawe aliye Ghuba alituma pesa, uwanja ukapigwa sakafu, na kabla ya masika ya pili ukawa umebanduka karibu nusu. Mama anasema ameibiwa. Mwashi anaapa kwamba hakuiba hata karai moja la simiti. Kijana kule ng'ambo ameacha kupokea simu ya mwashi, ambaye ni mtoto wa shangazi yake. Ndugu wa damu hawaamkiani kwa ajili ya sakafu!

Nilipogonga na kukwaruza, nikawauliza maswali matatu. Maji yalitoka wapi? Kisimani, kwa sababu maji ya bomba hayakuwa yametoka juma hilo. Yalipimwaje? "Kwa macho." Nani alimwagilia baada ya kazi? Kimya. Mwashi alilipwa siku mbili, akaondoka. Mama hakuambiwa kwamba sakafu inataka kunyweshwa, na mitungi ya maji ilikuwa ya kununua, akaitunza kwa kupikia na kutilia udhu. Hapo hakuna mwizi. Kulikuwa na kazi ya siku saba ambayo hakuna aliyekabidhiwa wala kulipwa.

Niliwaambia hivyo, na wazee wakasuluhisha: mwashi atoe kazi yake, familia itoe vifaa, na mjukuu mmoja apewe jukumu la kumwagilia. Sikuyasimulia haya ili kumwaibisha mtu. Nimeyasimulia kwa sababu ugomvi wa aina hii upo katika kila mtaa, na karibu kila mara kiini chake ni kilekile: mapatano yalikuwa ya bei tu, hayakuwa ya kazi.

Mapatano yaweje

Kabla ya kumpa mwashi shilingi, kaeni chini muandike hata kwenye karatasi ya daftari. Anza na unene. Sentimita 10 zinatosha gari dogo na tuktuk. Lakini jiulize kama boza la maji litaingia. Boza la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji, bila kuhesabu uzito wa lori lenyewe. Kama ndilo linalokuletea maji, piga sentimita 15 na ushindilie vizuri kifusi cha chini, au boza lisimame nje na mpira uingie ndani.

Pili, hesabu ya simiti. Njia ya gari ya mita 3 kwa mita 10, unene sentimita 10, ni mita 3 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne, mita moja ya ujazo inataka takriban mifuko 6 na nusu ya kilo 50. Jumla ni karibu mifuko 20. Mwashi akikwambia 12 inatosha, muulize kwa upole nane nyingine imekwenda wapi.

Tatu, kipimo. Toroli na karai hudanganya, kwa kuwa kila moja lina ukubwa wake na kila mtu ana mkono wake. Tengenezeni sanduku la mbao la sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Hilo linabeba lita 35, ambao ndio ujazo wa mfuko mmoja wa simiti. Mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto.

Nne, maji. Lita 25 kwa mfuko, yaani mtungi mmoja na robo, na yapungue mchanga ukiwa na unyevu. Najua vibarua hupenda zege jepesi linalotiririka kwa sababu haliumizi mgongo. Lakini ukifika mitungi miwili kwa mfuko, umepoteza karibu nusu ya nguvu uliyoinunua. Ule mtungi wa pili ndio mwizi anayetafutwa.

Tano, chuma. Kama mnatandika wavu wa BRC, usilale mchangani. Uinuliwe kwa vile vitofali vidogo vya simiti ambavyo mafundi huviita biskuti, na usiwe karibu na ngozi ya juu. Huku kwetu ningependa chuma kifunikwe na zege la sentimita 4 hadi 5 kila upande kinapoweza kufikiwa na maji. Kwenye sakafu ya sentimita 10 hilo linaacha nafasi finyu, basi wavu ukae katikati.

Sita, mteremko. Sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea nje, ili maji ya masika yasilale uwanjani wala kurudi mlangoni.

Saba, kunywesha. Mwageni zege mapema baada ya Alfajiri au jioni baada ya Alasiri, si saa sita mchana. Likishikana kiasi cha kutoachia alama, lifunikeni kwa magunia yaliyoloweshwa, na juu yake karatasi la nailoni lililokandamizwa kwa mawe. Nailoni huzuia maji kuondoka, hivyo mitungi michache kwa siku inatosha badala ya kumwaga ovyo. Siku 7 bila kukosa, na maji yawe baridi yasiyo na chumvi. Gari dogo lingoje siku hizo 7, boza lingoje 28. Andikeni jina la anayemwagilia, na mwashi abakishiwe sehemu ya malipo mpaka siku ya nane. Hilo humlinda yeye pia, maana sakafu ikiharibika hatasingiziwa.

Ikiwa imeshaharibika

Usikubali kupakiwa niru juu ya ubovu. Niru juu ya vumbi ni poda juu ya kidonda. Palipobanduka pakatwe mpaka kwenye zege zima linalolia vizuri, pafanywe pakwaruzike, paoshwe kwa maji baridi, na zege jipya litiwe pakiwa na unyevu lakini hapana maji yaliyotuama. Kisha panyweshwe kama sakafu mpya. Ufa mrefu unaopanuka na kujifunga usijazwe simiti ngumu, utapasuka tena. Unataka kitu cha kunyumbuka.

Penye kutu, nondo ifukuliwe mpaka nyuma yake, isuguliwe mpaka ing'ae, na kama imeliwa sana iongezwe nyingine. Lakini kama uwanja mzima ulichanganywa kwa maji ya chumvi, kiraka kitaponyesha hapa na kutu itaanza pembeni yake. Hapo bora kuvunja na kuanza upya, ingawa si habari ya kufurahisha.

Sasa lile nililoahidi. Nyumba zetu nyingi zina shimo la choo au tangi la maji taka chini ya uwanja huohuo linapopita gari na wanapocheza watoto. Mfuniko wake ni bamba la zege lenye nondo, na chini yake kuna unyevu na gesi saa zote. Kutu huanzia upande wa chini ambao hakuna anayeuona. Ukiona juu yake doa la kahawia, ufa ulionyooka, uvimbe, au panayumba ukikanyaga, usingoje mwisho wa mwezi. Wekeni vizuizi leo, watoto wasipite, gari lisipande, na mwite mtu anayejua kazi, mwenye kibali cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ukiweza kumpata, afungue na kutazama chini. Bamba hilo livunjwe na kumwagwa jipya, lisitiwe kiraka. Wala asishuke mtu shimoni kutazama, kwani gesi ya humo huua kabla mtu hajapata kupiga kelele.

Msimu wa mvua haujafika. Chukua nyundo ndogo jioni hii, zunguka uwanja wako, ugonge na usikilize. Anzia pale kwenye mfuniko.